Kisumu, Mombasa au Lodwar? Tulivyomtafutia mzee wetu wa Kimulot mji wa joto

Wakuu, habari zenu. Walio kwenye baridi wavute blanketi, walio kwenye joto wasogee karibu na feni, maana hii ni ndefu kidogo.

Naona ule ubishi wa "mji gani una joto la kuvumilika" umefufuka tena, kama kila mwaka jua la Januari likianza kuchoma. Watu wanarushiana screenshot za weather app na vijembe juu yake.

Mimi sina screenshot. Nina mzee mmoja wa Kimulot ambaye ameishi katika miji yote mitatu mnayobishania. Huyo mzee ni baba yangu. Nitasimulia kama ilivyokuwa, na palipo na aibu yetu nitapaacha hivyo hivyo.

Kwanza mjue anayeongea. Nimezaliwa Kimulot, upande wa Konoin, pale shamba la chai linapoishia ndipo msitu wa Mau unapoanzia. Kwetu mwezi wa saba ukianika shati unaweza kulisahau, likikauka utakuwa umeshapata lingine.

Siku hizi naishi Kisumu, na kazi yangu ni fundi wa friji na AC. Yaani niliacha baridi ya bure nyumbani nikaja mjini kuuza baridi. Mzee hajawahi kuielewa hii biashara. Kila nikienda nyumbani ananiuliza, "Bado watu wanalipa wapate baridi?" Nikisema ndio, anatingisha kichwa. "Waambie waje Kimulot, mimi nitawapa bila malipo."

Mzee wangu ni mkulima wa chai, mrefu, mkimya, mtu wa koti jeusi na gumboots. Hupenda kusifu kidogo na kukagua sana. Ukichuma majani makubwa pamoja na machanga, haongei, anayatoa tu kwenye kikapu moja moja huku unamtazama. Tumelelewa hivyo na tunampenda hivyo.

Shida ilikuwa kifua.

Ilianza taratibu, kikohozi cha jioni na cha asubuhi, halafu pumzi ikawa inapiga filimbi. Akienda buying centre kupeleka majani anasimama njiani anajifanya anaangalia shamba la jirani. Mwaka juzi, katikati ya ile baridi ya ukungu, jirani alimkuta ameketi katikati ya mistari ya chai, hawezi kupanda kilima kufika nyumbani. Alibebwa. Mzee ambaye hajawahi kubebwa na mtu.

Nilimpeleka kliniki mwenyewe. Daktari alikuwa mama mmoja mpole, alimsikiliza kifua mbele na nyuma, kisha akaanza maswali.

"Mzee, unavuta sigara?"

"Sijawahi."

"Nyumbani mnapika na kuni?"

"Mimi sipiki."

"Lakini unakaa karibu na moshi wa jikoni?"

Mzee akajinyoosha kwenye kiti. "Daktari, mwanaume wa Kipsigis akae jikoni akifanya nini?"

Tulicheka wote, hata daktari. Kwa wasiotujua: kwetu jiko ni kijumba chake, kimesimama kando ya nyumba kubwa, na mwenyewe ni mama. Mzee anakaa sitting room na chakula kinamfuata huko. Mzee akionekana ameinama kwenye mafiga, buying centre nzima itajua kabla majani hayajapimwa.

Daktari akampa dawa ya kuvuta na akashauri kwamba kama tuna mahali pa joto, akae huko wakati wa baridi tuone kama itasaidia. Kwa yale aliyoambiwa, hata mimi ningeshauri hivyo.

Basi tukaita kikao. Tuko watatu. Chebet ndiye mkubwa, ameolewa Mombasa. Mimi Kisumu. Kiprono, kitinda mimba, ni mwalimu Lodwar. Wote watatu tuko kwenye joto, tukasema hapo kuna mkono wa Mungu.

Tukakubaliana hivi: mzee atakaa kwa kila mmoja wetu kwa zamu. Mahali kifua chake kitakapopenda, tutamtafutia nyumba ahamie kabisa. Ng'ombe watauzwa, chai itaachiwa binamu, na mama atamfuata baadaye. Mzee alisikiliza akiangalia mikono yake. Ni shamba alilopanda yeye mwenyewe, mche kwa mche, na mama akiwa na mtoto mgongoni. Hakubisha.

Mama aliulizwa mwisho. Akasema, "Kama ni pumzi, aende." Akakohoa kama kawaida yake, akatoka kwenda kukamua.

By the way, kuhusu hicho kikohozi cha mama. Ana kikohozi chake cha alfajiri tangu tukiwa wadogo. Akiingia jikoni kuwasha moto anakohoa, na sisi tunajua ni saa ya kuamka kwenda shule. Nyumba yetu haikuhitaji saa.

Haya, tuanze na Kisumu.

Mama alimfungia blanketi zito, sweta mbili na kibuyu cha mursik. Mursik ni maziwa yetu ya kuchacha, na Kimulot yanachacha polepole kwa adabu. Joto la Kisumu likayaharakisha. Siku ya pili kizibo kiliruka, maziwa yakapanda ukutani na kwenye kochi langu. Mzee alitazama ukuta akasema, "Hata maziwa yamekataa hapa."

Mnaotaka review, Kisumu mchana inapiga sawasawa, na kabla ya mvua hewa inakuwa nzito kama ya mtu aliyefunikwa blanketi. Lakini mvua ikinyesha au upepo wa ziwa ukija jioni, unasamehe yote. Wateja wangu wa AC hunipigia saa nane mchana wakilia, saa moja jioni wameshanisahau.

Tabu yangu ilikuwa madirisha. Jua likianza tu kuzama, mzee anazunguka nyumba anafunga kila dirisha. Ndivyo anavyofanya Kimulot, usipofunga ukungu unalala na wewe. Mimi nafungua, yeye anafunga.

"Baba, tutakufa na joto."

"Nazuia baridi isiingie."

"Hiyo baridi unayoizuia ndiyo mimi nauza."

Akafikiria kidogo. "Basi hii ya leo nimekuwekea," akasema, akafunga la jikoni pia.

Lakini kifua, wakuu! Haikuchukua muda ile filimbi ikaisha. Alikuwa anapanda ngazi za ploti yetu mpaka juu bila kusimama. Nilifurahi mpaka nikampigia Chebet nikiwa kazini, nimeshika spana.

Kitu kimoja tu. Kila jioni alikuwa anampigia mama, na swali la kwanza lilikuwa lile lile.

"Moto umewaka?"

Mama anajibu umewaka. Wanaongea mambo ya ng'ombe, yule wa mabaka amekunywa maji, ndama ameacha kuhara. Halafu wananyamaza, na simu haikatwi. Mzee amekaa tu, simu iko sikioni, anaangalia sakafu. Mimi nikahesabu ni uzee tu, unamaliza airtime yangu.

Kisumu akaipa pongezi lakini hakuikubali. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," aliniambia. "Wewe jembe utanipa, shamba liko wapi?"

Mombasa sasa.

Joto la Kisumu linakutembelea, la Mombasa linahamia kwako. Unaoga, unajifuta, taulo bado liko mkononi na umeshalowa tena. Jasho halikauki kwa sababu hewa yenyewe imelowa. Usiku hausaidii. Na AC za huko zinaliwa na chumvi ya bahari, nimefungua mashine ya juzi nikakuta imeoza kama ya miaka mingi. Ila niwape haki yao, watu wa Mombasa wanajua kuishi na joto: hawakimbii ovyo mchana, wanavaa nguo nyepesi, na kivulini hapakosi mtu wa kukukaribisha.

Mzee alikuwa na tatizo ambalo halikuhusu hewa. Alikuwa kwa mkwe.

Kwa wazee wetu, kulala kwa mkwe ni mtihani. Mume wa Chebet ni mtu mzuri, alimkaribisha mpaka na feni mpya, akamnunulia shati jepesi. Mzee akashukuru, akavaa shati, akalifunga vifungo mpaka shingoni, na juu yake koti. Chebet akamwomba avue koti tu.

"Mkwe akiniona nimekaa kama mtu wa kuoga, kesho nitamwangalia vipi?"

Kwa hiyo mkwe naye, kwa heshima, akaanza kukaa nyumbani kwake na shati refu na viatu. Chebet anasema waliketi hivyo jioni nzima, wanaume wawili wanatiririka jasho, kila mmoja anamheshimu mwenzake. Yeye akitaka kucheka anaingia bafuni.

Na bado kifua kilikuwa shwari. Na bado kila jioni, "Moto umewaka?" Chebet akaamua mzee anaogopa mama anasikia baridi, akamtumia mama blanketi lingine.

Tukafika Lodwar, na hapa ndipo wengi mtanibishia.

Joto la Lodwar ni kali kuliko yote mawili, hilo sibishi. Ukishuka kwenye gari ni kama umefungua mlango wa tanuri la mikate. Lakini ni kavu. Jasho linakauka hata hujaliona, midomo inapasuka, unakunywa maji mpaka unajishangaa. Vumbi linaziba filter za AC haraka sana. Lakini kivuli cha Lodwar ni kivuli kweli. Ukikaa chini ya mti unapumzika, na asubuhi mapema kuna upepo mtamu. Mimi mtu wa mashine nasema, kama una maji na kivuli, Lodwar unaishi.

Mzee aliipenda. Alipenda wazee wa huko wanaotembea na kigoda kidogo cha mbao mkononi, popote wakifika wanaketi. "Hawa watu wana akili," alimwambia Kiprono. "Mtu na kiti chake, haombi mtu nafasi." Haukupita muda na yeye akawa na chake, zawadi kutoka kwa mzee mmoja jirani.

Kiprono akatafuta nyumba. Akaipata, ya mawe, ina mti uani. Nikachukua leave niende tukamalize mambo, kisha nirudi Kimulot kusimamia kuuza ng'ombe. Mama alikuwa ameshaambiwa ajiandae.

Nilifika Lodwar jioni. Kiprono alikuwa bado shuleni. Nikabisha, kimya. Ndipo nikasikia kikohozi.

Wakuu, kile kikohozi nilikijua. Kilikuwa kile kile cha Kimulot, cha kuinamisha mtu, ambacho sikuwa nimekisikia tangu aondoke nyumbani.

Kilitoka kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, ambako Kiprono anaweka vitu vyake. Moshi ulikuwa unatoka kwenye matundu ya misumari. Nikajua nyumba inaungua. Nikakimbia nikavuta mlango.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, shati wazi, jasho linamtoka kama aliyenyeshewa. Mbele yake mawe matatu, kuni zinawaka, sufuria ya chai juu. Na kando, juu ya debe, simu iko loudspeaker.

Anakohoa. Halafu ndani ya simu na mama anakohoa.

"Moshi umekupalia?" mama akauliza.

"Kuni za huku ni kavu mno," mzee akajibu.

"Za hapa zimelowa." Akakohoa tena, kwa muda mrefu.

Walikuwa wanaota moto pamoja, yeye Lodwar na mama Kimulot.

"Baba," nikasema, "hapa ni Lodwar. Nani anawasha moto wa kuota Lodwar?"

Hakushtuka. "Funga mlango," akasema, "vumbi linaingia kwa chai."

Sikufunga. Nilimtoa nje, nikambebea kigoda na simu, na hapo chini ya mti akaniambia polepole, macho yako kwenye gumboots zake.

Tangu Kiprono aende college, nyumba kubwa ilibaki tupu. Mama anaingia jikoni baada ya kukamua na hatoki mpaka wakati wa kulala. Mzee alikuwa anabaki sitting room peke yake. "Nikae na nani? Na kalenda?" Jioni moja ya baridi akaingia jikoni kuota moto kidogo. Kesho yake tena. Ikawa ndiyo maisha yao. Mlango wanaufunga kwa sababu ya baridi, na pia ili mtu asimwone.

"Na wageni wakija?"

Sauti ya mama ikatoka kwenye simu, nilikuwa nimesahau bado yuko. "Mbwa akibweka anakimbia! Mgeni akiingia anamkuta sitting room na kikombe kitupu, anajifanya alikuwa anasoma Biblia. Na miwani ameacha huku kwangu." Akacheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi.

"Lakini baba, daktari alikuuliza."

"Aliuliza kama napika. Sipiki. Nilimwambia ukweli."

Nilitaka kucheka na nikashindwa, kwa sababu mama alikuwa bado anakohoa kwenye simu, na mzee na mimi tulikuwa tunamsikiliza. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza mimi kukisikiliza kile kikohozi. Siku zote nilikuwa nakisikia tu.

Kumbe kilichompa mzee nafuu hakikuwa joto la mji wowote. Huko kote alikokwenda hakukuwa na moshi, mpaka alipouwasha mwenyewe Lodwar. Tulimpitisha ziwani, baharini na jangwani, na aliyevuta moshi ule tangu aolewe tukamtumia blanketi abaki nao. Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi tulikuwa tunapekua nguo za watu mbali.

Nilimpigia Chebet. Nikamweleza yote. Halafu akasema, "Na mimi nilimwambia mama apunguze kukohoa kwa simu, simsikii vizuri."

Nyumba ya Lodwar tuliiacha. Mzee nilirudi naye Kimulot na tukawapeleka wote wawili kwa yule daktari. Safari hii mama ndiye aliyejibu maswali. Daktari alimsikiliza mama kifua kwa muda mrefu kuliko alivyomsikiliza mzee, akawapa dawa wote, na akasema jambo moja: ama moshi utoke, ama nyinyi mtoke.

Leave yangu iliyobaki niliimaliza jikoni. Kazi yangu yote ni kuhamisha hewa kutoka mahali haitakiwi, sasa ningeshindwaje na moshi wa mama yangu? Nilijenga jiko la udongo lililoinuka, nikapitisha bomba la mabati mpaka juu ya paa. Nikatengeneza pa kukaushia kuni. Nikakata ukuta nikaweka dirisha kubwa mkabala na mlango.

Dirisha ndilo mzee alilolipinga. "Watu wakipita njiani wataniona."

"Wakuone," mama akasema. Dirisha likawekwa.

Sitawadanganya kwamba kifua kimekuwa kipya. Dawa yake ya kuvuta bado iko mfukoni mwa koti. Lakini anapanda kilima chake akiwa na kikapu, akisimama njiani ni kweli anakagua shamba la jirani. Ng'ombe wapo. Chai ipo.

Sasa jibu la ubishi wenu. Unataka joto lenye mapumziko jioni, nenda Kisumu. Unavumilia jasho na unapenda watu, Mombasa. Unapenda ukavu na una maji, Lodwar. Na kama ni mzee wa kwetu anayehitaji joto kidogo tu bila kwenda mbali, teremkeni Sigowet mkatembelee jamaa, jioni mrudi mlale nyumbani.

Nilienda nyumbani mwezi wa saba uliopita, ukungu umeshuka mpaka mlangoni. Jioni tulikuwa jikoni sisi watatu, dirisha wazi, mzee na koti lake na kigoda cha Lodwar. Mbwa akabweka. Nikamwangalia mzee. Akainua kikombe akanywa.

"Karibu," akaita kupitia dirishani, "tuko huku jikoni."

Jirani alisimama mlangoni, akamwangalia mzee, akaangalia jiko, kisha akatafuta pa kuketi. Waliongea bei ya mbolea mpaka chai ikaisha.

Asubuhi yake nilichelewa kuamka. Nilifungua macho jua limeshatoka juu ya chai, nikaruka kitandani, nikajua kuna jambo baya. Nikatoka bila viatu. Mama alikuwa ameshakamua, amesimama uani na ndoo ya maziwa.

"Mama, mbona leo hukuniamsha?"

Akanishangaa. "Lini mimi nimewahi kukuamsha?"

Wakuu, alfajiri ile hakukohoa. Nilirudi ndani nikakaa kitandani nikalia kidogo, sioni haya kusema.

Nilichojifunza ni hicho: kabla hujampeleka mtu wako mji mwingine kutafuta hewa, kaa naye jioni nzima pale anapokaa kila siku. Na uangalie ni nani mwingine amekaa hapo.

Karibuni mchangie. Wa Lodwar mnitukane taratibu, wa Mombasa mnitetee. Lakini kabla hujaandika la joto, nijibu hili kwanza: nyumbani kwenu ni nani anayekohoa mpaka mmezoea?